Rangi na Kivuli katika Picha za Njiani

Picha za njiani, yaani zile zipigwazo pasipo watu kupangwa mbele ya kamera, zimezoeleka katika Afrika Mashariki kwa weusi na weupe, hata wako wauhesabuo weusi huo kuwa ndio usanii wenyewe. Dhana hiyo yataka kupimwa. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, hakuanza kazi kwa kuikataa rangi. Kodachrome ilitoka mwaka 1935, na kuisafisha kulihitaji mitambo ambayo chumba cha giza cha kawaida hakikuwa nayo.

Hata hivyo mahali palimsaidia. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe mwanga hushuka kwa mshazari, hupiga ukuta wa chokaa na kurudishwa usoni mwa mpita njia. Mlango wa nakshi, kanzu na kivuli hutosha kuifanya picha, na rangi haikosekani sana.

Ipililo, katika mkoa wa Simiyu, mambo ni mengine. Nchi ni wazi, na saa sita mchana jua huwa karibu na utosi. Mpiga picha wa weusi na weupe atapata kofia, na chini ya kofia giza. Pamba iliyorundikwa nayo itafanana na mbingu iliyokwajuka. Yampasa angoje jioni, au aitumie rangi ili vitu vitengane.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni kanga. Kisutu, kivaliwacho arusini, kina nyekundu, nyeusi na nyeupe. Filamu za kale zisizohisi wekundu ziliugeuza mweusi, basi nguo ya rangi tatu ikabaki na mbili. Filamu zilizofuata, zihisizo rangi zote, huutoa wekundu kuwa kijivu, na kijani chaweza kutoka kijivu kile kile. Atazamaye picha hizo asiseme upesi kwamba wanawake wa zamani walivaa nguo za giza. (Wanaozipaka rangi kwa kompyuta siku hizi hubahatisha tu, kwa kuwa kijivu hakisemi kilikuwa nini.)

William Eggleston alipoonyesha picha za rangi katika Museum of Modern Art, New York, mwaka 1976, wahakiki kadhaa walikereka. Rangi waliiona ya matangazo ya biashara. Leo hatari imegeuka. Simu hupiga kwa rangi, na mwenyewe huiondoa baadaye akiwa nyumbani, mara nyingi kwa picha iliyomshinda, ili ionekane na uzito wa kale. Oza alikuwa akiutazama mwanga kabla ya kufyatua. Huyu wa leo huutafuta baada ya watu kwisha kutawanyika. Akiutaka weusi, na auone pale pale njiani, na nakala ya rangi asiifute: atakayeuliza kesho kisutu kile kilikuwa na wekundu gani hatakuwa na pengine pa kutazama.