Tablo mlangoni: haya na uhodari wa Tshibumba

Katika vikao vya chama chetu tumezoea kuona jambo moja. Kijana anafika, karatasi yake imekunjwa mara nne mfukoni. Tunamwambia: «Tusomee basi.» Anaangalia chini, anajibu: «Hapana baba, haiko nguvu, ni mambo ya kucheza tu.» Kikao kinaisha, karatasi inarudi nyumbani.

Siku moja mmoja wao alijaribu. Alisimama kusoma kasala aliyomtungia mama yake mkubwa, kwa Kiswahili cha hapa kwetu. Alipofika mstari wa tatu, mmoja wetu akamkata: «Ile haiko Kiswahili bora!» Watu wakacheka. Na sisi tunaoandika haya tulicheka. Kijana akaketi, na tangu siku ile hatujamwona tena. Ndiyo sababu tumetaka kuongea hapa juu ya mutu mwingine, aliyejua vizuri kama watu watamcheka, lakini akaonyesha kazi yake.

Tshibumba Kanda-Matulu alizaliwa Elisabethville mwaka 1947. Alikuwa mchoraji wa mtaani, mwenye kupaka rangi juu ya gunia za unga na kupeleka tablo zake mlango kwa mlango. Wenye kununua walijua wanachotaka: mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki, wa kupamba saloni, ao tablo ya «Colonie Belge», mfungwa anapigwa fimbo na muzungu anaangalia. Kazi ya namna ile haitaki uhodari sana. Mutu anaijua mbele haijafika, anatoa makuta, biashara imekwisha.

Mwisho wa mwaka 1973, Tshibumba alifika na tablo zake kwa Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu cha Lubumbashi. Kutoka hapo ikazaliwa kazi ambayo hakuna saloni iliyokuwa imeiomba: historia yote ya nchi, tangu watu wa kale, kupitia wakoloni, mpaka Uhuru na vita vyake. Zilikuwa tablo zaidi ya 100, na kwa kila moja mchoraji alieleza maana kwa Kiswahili, Fabian akinasa sauti. Mwishoni alichora hata siku ambazo zilikuwa hazijafika. Mwaka 1996 Fabian alitoa kitabu chenye tablo zile na maneno yale.

Tuangalie sasa kazi yenyewe. Tshibumba hakujiita mchoraji tu, alijiita mwanahistoria. Kwa mutu asiye na diplome ya chuo kikuu, katika muji wenye maprofesa, neno lile lilikuwa zito. Tena, ndani ya tablo aliandika maneno ya Kifaransa, na Kifaransa chake kina makosa mengi. Msomi anaweza kusimama mbele yake na kalamu nyekundu. Sisi tunayasoma maneno yale namna nyingine. Pengine ni mengi kupita kiasi, yanasema kile ambacho picha imekwisha kusema. Tunaona ndani yake mashaka ya mutu anayeogopa asieleweke. Ule ni upungufu, hatuufichi. Lakini ona tablo ya kifo cha Lumumba. Lumumba amelala pamoja na Mpolo na Okito, na nyuma yao kuna misalaba mitatu. Pale misalaba inatosha. Mwenye kwenda kanisani anaelewa bila kusoma neno.

Tukumbuke pia mahali alipochora. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, karibu na muji huu huu. Ni kweli, Mobutu alimtangaza shujaa wa taifa mwaka 1966. Lakini kutaja jina la shujaa ni jambo moja. Kuchora maiti yake kwetu hapa, ambapo jamaa za pande zote waliishi jirani, ni jambo lingine kabisa.

Wengine watatuuliza: uhodari gani, wakati mwenye kununua alikuwa muzungu? Swali hili ni la haki. Makuta ya Fabian yalimpa Tshibumba nafasi ya kufanya kazi, hatubishi. Hata hivyo tuligeuze swali. Sababu gani hakuipata nafasi ile kwetu? Wahenga wanasema mcheza kwao hutunzwa. Tshibumba alicheza kwao, lakini tablo zile leo ziko Amsterdam, katika Wereldmuseum. Yeye mwenyewe, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, habari zake zilikatika. Tunaona fahari kutaja jina lake mbele ya wageni, lakini kazi yake tunaiona katika kitabu tu.

Hatusemi makosa yasisahihishwe. Wazee wetu walisahihisha, na walisahihisha kwa ukali; mwenye kukosea jina la babu ndani ya kasala alirudishwa nyuma palepale. Lakini alirudishwa juu ya ukweli wa ukoo, na kiisha aliendelea mpaka mwisho. Sisi tulimkata kijana juu ya sarufi, na hatukumrudisha. Kile hakikuwa desturi. Ilikuwa woga wetu sisi wenyewe tuliosoma: tunaogopa tukisikia kazi yenye nguvu katika lugha ya sokoni, diplome zetu zitaonekana ndogo.

Basi tunapendekeza kwa chama jambo moja dogo. Mwenye kuleta kazi mpya asikilizwe mpaka mwisho, bila kukatwa. Kiisha, wa kwanza kusema aseme amesikia nini, na kusahihisha kuje nyuma. Na sisi tuliocheka twende kwa yule kijana, tupige hodi kwao, tuombe mstari wa ine. Anaweza kukataa, ni haki yake. Lakini safari hii ni sisi tutakaosimama mlangoni, kama Tshibumba na tablo zake, bila kujua kama watatufungulia.