Kufungua Bolti Zilizoshikwa na Kutu Mulot
Mulot, mji ulio kwenye barabara ya Narok hadi Bomet, una mafundi wa jua kali wanaolala chini ya magari yenye matope, wakikabili bolti za mkono wa gurudumu zilizogandishwa na kutu ndani ya bushi, yaani mpira wenye mrija wa chuma katikati. Fundi husugua nyuzi za bolti kwa brashi ya waya, huzilowesha mafuta, huyangoja yapenye, ndipo huipasha nati moto kwa gesi ili itanuke, akichunga mpira wa breki usiungue. Akiharakisha spana, bolti hukatika, na hapo hubaki msumeno, saa nzima, huku vumbi la kutu likimwangukia machoni. Subira hiyo, ambayo mwenye gari huilipia shingo upande, ndiyo humweka abiria salama barabarani. Akifunga bolti mpya, fundi huipaka grisi, kwa ajili ya fundi atakayeifungua baadaye.