Kisu cha Mkata Retina

Mwaka 1957 D. R. Lucas na J. P. Newhouse walieleza yaliyowapata panya wa maabara waliodungwa glutamati ya sodiamu chini ya ngozi. Kwa vichanga, matabaka ya ndani ya retina yaliharibiwa vibaya. Kwa wakubwa madhara yalikuwa mepesi. (Ndiyo chumvi ileile inayokoleza ladha ya vyakula, ila kumdunga kichanga si sawa na kula mchuzi.) Matokeo haya hunukuliwa sana. Mkono unaokata retina ili uharibifu huo uonekane hausifiwi na mtu, nami naona ndio wenye kustahili.

Jicho la panya mzima lina kipenyo cha milimita 3 hivi. Hukaushwa maji kwa alkoholi inayozidishwa ukali kidogokidogo, kisha huzamishwa katika nta ya parafini. Ukikimbiza hatua hizo, retina hujikunja na kubanduka. Baada ya hapo kuna kisu chenyewe, kinachochana nta kwa unene wa sehemu chache tu za elfu za milimita. Uzuri wa kazi uko kwenye pembe. Retina ikikatwa mshazari, matabaka huonekana manene kuliko yalivyo, na jicho lililopoteza seli laweza kupita kama zima. Kwa hiyo fundi hulilaza jicho hivi na vile ndani ya nta hadi kisu kipite palepale mshipa wa neva ya jicho unapotokea. Hakuna mashine inayomwamulia hilo.

Kwa kichanga kazi ni ngumu maradufu. Panya huzaliwa macho yakiwa yamefumba, na matabaka ya retina hayajatengana kikamilifu. Isitoshe, hata kichanga mwenye afya hupoteza sehemu kubwa ya seli zake za ganglioni, zile zinazopeleka habari za jicho kwenye ubongo, katika siku za mwanzo. Ndivyo retina inavyojijenga. Kiini cheusi cha seli kilichosinyaa, basi, si ushahidi wa sumu mpaka kiwekwe kando ya kile cha ndugu wa uzao uleule asiyedungwa, aliyekatwa kwa pembe ileile na kutiwa rangi siku ileile.

Sumu yenyewe hufanya kazi hivi: glutamati ikizidi, hufungua milango ya seli, sodiamu na kalisi huingia kwa wingi, seli ikavimba na kufa. Seli za Müller, zinazoitegemeza retina, huifyonza glutamati hiyo na kuigeuza glutamini. Kwa panya, seli hizo huendelea kuzalika hata baada ya mtoto kutoka tumboni, na huenda hiyo ni sehemu ya sababu ya udhaifu wa vichanga.

Siku hizi wengi huitandaza retina nzima kwenye kioo, wakiipasua kingo mara nne ili ilale, kisha huhesabu seli za ganglioni zilizotiwa alama. Mhesabuji hufichwa nani alidungwa na nani hakudungwa. Umri haufichiki: akitazama hadubini mara moja tu, retina ya kichanga anaijua.