Amina ya watu imekwenda wapi?

Ndugu na dada mliomaliza masomo, na ninyi ambao bado muko kwenye oditoriamu munangojea délibération, leo naleta ukosoaji. Si wa kitabu wala wa filamu. Ni wa ibada. Ibada nayo ni kazi ya watu: ina mpango, ina maneno, ina sauti, kuna wanaoifanya vizuri na kuna wanaoiharibu. Kama tunaweza kujadili usiku muzima konseri ya Fally Ipupa, sioni juu ya nini tusijadili kile tunafanya kila Jumapili asubui. Mimi ni Muanglikana wa hapa Bunia. Parokia yangu sitaitaja jina, kwani mambo nitakayosema nimeyaona kwenye parokia zaidi ya moja.

Neno langu ni hili: ibada ya kianglikana ilijengwa ili watu wajibu. Leo watu hawajibu tena, wanasikiliza tu. Na kile tumepoteza ndani ya ibada tunakipoteza pia ndani ya maisha ya parokia, mpaka kwenye sanduku la feza.

Tuanzie kwenye msingi. Mwaka 1549, kule Uingereza, askofu mkuu Thomas Cranmer alitoa kitabu cha kwanza cha sala katika lugha ya watu. Mbele ya pale misa ilikuwa kwa Kilatini, mulimaji alisimama anaangalia tu mgongo wa kasisi. Kitabu kipya kilimupa mulimaji maneno yake. Fungua Kitabu cha Sala hata leo, utaona kila ukurasa una sauti mbili, ya kiongozi na ya watu. Kasisi anawatakia watu Bwana awe pamoja nao, nao wanamurudishia. Dhambi inaungamwa na wote kwa kinywa kimoja. Zaburi inagawanywa mstari kwa mstari. Kitabu cha mwaka 1662 kilifika hata kusema kwamba kasisi asiadhimishe Meza ya Bwana kama hakuna watu watatu angalau wa kushiriki pamoja naye. Ni kusema: bila watu, hakuna ibada.

Kwetu Ituri desturi hiyo ilipitia Uganda. Apolo Kivebulaya, Muganda, alifika Mboga mwaka 1896, akafia palepale mwaka 1933. Kule Uganda waamini wa kwanza waliitwa wasomaji, kwa sababu kuingia kanisani na kujifunza kusoma vilikwenda pamoja. Neno hilo lituguse sisi tunaojiita wasomi. Na wale ambao hawakufika kusoma walijifunza sala kwa moyo, neno kwa neno, kutoka kinywa cha mwalimu wa kanisa. Toka pale tumekuwa dayosisi mwaka 1972, tumekuwa jimbo kuu mwaka 1992, na leo tuko na chuo kikuu cha kianglikana hapahapa Bunia. Vyote hivyo vimekuja juu ya mabega ya watu waliokuwa wanajibu.

Sasa tuone kile kinafanyika. Jumapili moja niliandika saa kwenye telefone yangu. Ibada ilianza saa tatu, ikamalizika saa saba kasoro dakika ishirini. Korali ine pamoja na grupe ya sifa zilichukua saa moja na dakika kumi. Matangazo na matoleo, dakika hamsini na tano. Mahubiri, dakika arobaini na tano. Na maungamo, zaburi, ukiri wa imani na maombi ya watu, vyote pamoja? Dakika kumi na mbili. Zaburi ilisomwa na mutu mumoja ndani ya maikro. Maombi ya watu aliyaomba mutu mumoja ndani ya maikro. Ukiri wa imani ulianza na watu wote, lakini mwenye sintetiza alikuwa anajaribu sauti kwa wimbo unaofuata, bafle mbili zikafunika kanisa muzima.

Siku hiyo nyuma yangu alikaa koko mumoja, mwanamuke wa zaidi ya miaka makumi saba, asiyejua kusoma. Ibada yote iko ndani ya kichwa chake. Muziki ulipoingia kati, yeye aliendelea na ukiri wake polepole, macho amefunga. Kijana wa protokole akamusogelea kwa heshima, akamuinamia: «Koko, tumeisha maliza.» Koko akanyamaza. Hakukuwa ubaya ndani ya yule kijana. Alifanya kazi yake. Lakini muone kile kilifanyika: mutu pekee aliyekuwa bado anafanya ibada ndiye aliyeambiwa kwamba ibada imeisha.

Najua jibu ambalo wengi wako nalo tayari. «Vijana banakimbia! Banaenda mu makanisa ya réveil. Tusipoweka sono na grupe ya sifa, tutabaki na wazee tu.» Ni neno la kweli nusu. Vijana wanakwenda, ndiyo. Lakini nusu ingine ni ya uongo, nami nina sababu mbili.

Ya kwanza: mulio wa ngoma hauna kosa. Angalieni jirani zetu Wakatoliki. Mwaka 1988 Roma ilikubali misa kwa desturi ya Zaïre, ile ambayo kardinali Malula aliipigania miaka mingi. Pale kuna ngoma, kuna kucheza, kuna kupiga vigelegele, lakini watu wanajibu kuliko mbele. Desturi ile iliwapa maneno mapya na miguu pia. Tarehe 1 Desemba 2019 Papa Francis aliiadhimisha ndani ya kanisa la Petro mutakatifu kule Roma, pamoja na Wakongomani wanaoishi kule. Hata Waanglikana wa Kenya, mwaka 1989, walitoa ibada yao ya Ushirika Mutakatifu ambamo watu wote, mwishoni, wananyoosha mukono kuelekea musalaba na kutupa kule shida zao. Hawa wote walifanya ibada iwe ya kiafrika na wakaongeza kazi ya watu. Sisi tumeongeza volti za umeme na kupunguza kazi ya watu. Si kitu kimoja.

Ya pili: uamsho wenyewe haukuanza na maikro. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotoka Gahini kule Rwanda ndani ya miaka ya 1930, ukaenea Uganda na kufika mpaka kwetu, ulikuwa wa watu kusimama mumoja mumoja na kutoa ushuhuda. Mwanamuke alisimama. Mupishi alisimama mbele ya bwana wake. Kwa hiyo mutu akiniambia sono ni roho ya uamsho, namuuliza: uamsho gani? Ule uliwapa wadogo kinywa. Huu wa leo unawaomba wanyamaze ili wasikie vizuri.

Ningeacha pale kama ingekuwa swali la muziki tu. Lakini njia tunasali ndiyo njia tunaishi.

Muangalie wakati wa matoleo. «Wenye dola mia basimame. Tubapigie makofi! Wenye dola makumi tano. Wenye kumi.» Mwishoni kabisa wanabaki wenye franga mia tano, na pale muongozaji hasemi hata wasimame, anasema tu wapitishe kikapo. Mujane anayeuza mboga ku soko anajua nafasi yake toka mulango wa kanisa: hataitwa. Kisha kuku na mikungu ya ndizi vinapigwa munada, watu wanacheka, ni furaha, sina neno juu yake. Ila mimi nasema hii ndiyo saa moja tu ndani ya ibada ambapo watu wanaongea wao kwa wao, na hata hapo mwenye feza ndiye anaongea.

Kisha inakuja ripoti ya feza, mara moja kwa mwaka. Inasomwa kwa Kifaransa, mbio mbio, kwa dakika ine. Recettes, dépenses, solde. Mwandishi anamaliza, kiongozi anauliza: «Wakristo, tuseme Amina?» Kanisa linaitika: Amina! Hiyo ndiyo Amina ya nguvu kuliko zote siku ile. Tulinyanganya watu Amina ya maungamo, Amina ya zaburi, Amina ya maombi, tukawaachia ile ya hesabu ambazo hawakusikia. Amina maana yake ni kukubali, kusema «iwe vile». Mutu atakubali namna gani kitu hakikusemwa kwa luga yake? Naandika hivi si kwa kusema kwamba kuna mwizi. Nasema kwamba hata kama angekuwako, tusingemujua, kwa sababu tulisha zoeza watu kuitika bila kusikia.

Lakini ndani ya parokia ileile kuna mahali majibu hayajakufa. Nendeni kwenye kilio, muangalie Umoja wa Wamama. Umoja huu ulianzishwa Uingereza mwaka 1876 na mama Mary Sumner, lakini wamama wetu wameufanya wao. Mutu akifariki, jioni hiyohiyo wamama wamefika na kitenge chao. Mumoja ameleta kikombe cha maharagi, mwingine kuni, mwingine franga mia tano, mwingine mikono yake tu ya kuteka maji. Kuna kaye ndogo. Kila kitu kinaandikwa ndani, na siku ya mwisho ya matanga kaye inasomwa kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya wote: fulani kikombe kimoja, fulani fungu la kuni. Akikosea musomaji, mama mumoja anasema kutoka nyuma: «Apana, mama Fulani aliletaka mbili.» Inarekebishwa. Mwenye kilio anasimama anajibu, anashukuru. Muone: hakuna maikro, hakuna Kifaransa, na hakuna feza inayopotea. Kwangu mimi ile ni liturujia ya kianglikana kuliko ile tunafanya Jumapili.

Mwezi wa tano 2021, wakati watu waliuawa Boga na Tchabi na familia zingine zikafika kwetu na vitoto mgongoni, ni kaye ileile ilifanya kazi. Nani ana chumba, nani ana sufuria, nani anaweza kuchukua watoto wawili. Komite ya parokia ilikutana kisha. Wamama walikuwa wamekwisha kujibu.

Sasa tuje kwetu, wasomi. Nani anashika maikro? Ni sisi. Nani anapanga sono, anaendesha projekta, anaandika ripoti kwa Kifaransa kizuri? Ni sisi, wenye lisansi na wenye kungoja kazi. Parokia imetupa mahali pa kujisikia kwamba tuko na maana, na hiyo ni kitu kikubwa kwa mutu aliyepeleka dosye kumi bila jibu. Siichekelei. Lakini tunaita Kitabu cha Sala «mambo ya bazee» bila kuona kwamba ndicho kinamupa koko asiyesoma haki sawa na ya daktari. Ndani ya kitabu kile daktari hana mstari wake wa pekee. Anajibu pamoja na wengine, kwa sauti ileile.

Kile ninachoomba hakidai feza. Wakati wa maungamo, zaburi, ukiri wa imani na maombi, sono izimwe, na mwenye sintetiza atoe mikono yake juu ya vifungo. Zaburi irudi kugawanywa pande mbili za kanisa. Maombi ya watu yaombwe kila Jumapili na mutu mwingine: leo mwenye kuuza mboga, kesho mwanafunzi, siku ingine mukimbizi, na majina ya wagonjwa na ya waliotekwa yatajwe. Watoto wafundishwe majibu kwa moyo, na walimu wao wawe wale makoko, mbele hawajaondoka nayo kaburini. Na ripoti ya feza isomwe kwa Kiswahili, polepole, kila miezi tatu, na nafasi ya maulizo mbele ya Amina. Sisi wenye kujua hesabu tuiandike vile kaye ya wamama inaandikwa.

Wengine watasema hayo ni madogo, inchi inaungua. Lakini mufikiri. Toka mwezi wa tano 2021 Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi wa dharura. Radio inatuambia. Wakubwa wanatuambia. Kwenye barrière wanatuamuru. Raia mudogo wa Bunia anapitisha juma muzima akisemeshwa, na hakuna mahali anaulizwa neno lake. Kitabu chetu kimepanga saa moja ambapo zamu yake ya kusema imeandikwa, na kasisi hawezi kuendelea mpaka yeye ajibu. Saa hiyo iko mikononi mwetu, sisi tunaoshika maikro. Jumapili ijayo, tuizime kwa dakika kumi na mbili zile, tusikie nani bado anajua kujibu.