Saa Moja ya Mwendo: Kisa cha Mahuta na Utabiri wa Hadithi za Kisayansi

Wahakiki wa hadithi za kisayansi wana desturi iliyozoeleka mno, nayo ni kuhesabu. Huishika riwaya ya zamani kwa mkono mmoja na orodha ya mitambo ya leo kwa mkono wa pili, kisha wakatia alama kila palipolingana. Jules Verne aliwarusha watu watatu kuelekea mwezini kutoka Florida katika riwaya ya mwaka 1865. Miaka 104 baadaye watu watatu waliondoka Florida vile vile. Karel Čapek alilitoa neno roboti katika tamthilia ya mwaka 1920. Arthur C. Clarke alieleza mwaka 1945, katika makala wala si hadithi, jinsi setilaiti tatu juu ya ikweta zingeweza kueneza mawasiliano duniani kote. Hesabu hii si kosa, walakini humgeuza mwandishi kuwa mpiga ramli, akasifiwa kwa kulenga au akasahauliwa kwa kukosea. Aghalabu haliulizwi swali lililo zito zaidi: chombo kilipobuniwa, nani alitazamiwa kukitumikia?

Kiko kisa kutoka uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanzania, kinachoivuruga hesabu hiyo. Kiliandikwa mwaka 1906 na Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, aliyekusudia kwenda kaskazini lakini akageuziwa njia. Alipita Masasi, akapanda Newala, akakaa huko na pande za Mahuta kabla ya kurejea pwani. Kitabu chake kilitoka Leipzig mwaka 1908, na mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza, mfasiri akiwa Alice Werner. Huyo ndiye Werner ambaye wapenzi wa tenzi wanamjua kwa toleo la Utendi wa Mwana Kupona alilolitoa pamoja na William Hichens mwaka 1934. Kwa hivyo mkono uliopitisha shairi la Pate ulikuwa umekwishapitisha kisa cha Mahuta.

Kisa chenyewe ni kifupi. Katika msitu mnene wa Mahuta alitoka mtu ambaye hajapata kuoga wala kunyoa, mwenye kula kidogo na kunywa kidogo. Alichonga sanamu ya binadamu kwa mti, akaichukua makaoni mwake, akaisimamisha wima. Usiku sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wakateremka wote wawili mto Ruvuma kuoga. Huko mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakavuka hadi bonde la Mbwemkuru. Mtoto wa pili naye akazaliwa mfu. Wakarudi juu, Mahuta, na mtoto wa tatu akaishi. Ndipo yule mtu alipowaachia wazao wake amri: maiti wazikwe wima, kwa kumbukumbu ya mama yao aliyepata uhai akiwa amesimama, na wasijenge kamwe mabondeni wala karibu na mito mikubwa, kwani huko kuna maradhi na mauti. Nyumba iwe mbali na maji kwa mwendo usiopungua saa moja.

Mhakiki wa kuhesabu atakimbilia sanamu. Binadamu wa kuundwa, aliyeundwa kwa mti, kabla ya roboti wa Čapek! Ushindi huo hauna thamani kubwa, maana sanamu yenye kupata uhai haikosekani katika ngano za mataifa mengi. Msomaji wa pwani atakumbuka pia yule farasi wa mpingo katika Alfu Lela u Lela, ambaye hakurushwa na jini bali na vigingi viwili, kimoja cha kupandia na kimoja cha kuteremkia. (Wajuzi wa miti watasema mpingo wa wachongaji wa Kimakonde si ule wa farasi, na wasemacho ni kweli.) Chombo hicho kinakaribiana na hadithi ya kisayansi kuliko sanamu ya Mahuta, maadamu kinaendeshwa kwa ufundi na si kwa uzuka.

Uzito wa kisa cha Mahuta uko katika ile saa moja. Hapo ngano inaacha kuwa ngano na inatoa kipimo. Yule mtu hakusema "mbali na mto", alitaja muda wa kutembea, na kabla ya kuutaja alikuwa amekwisha kujaribu mara tatu: bonde la kwanza mauti, bonde la pili mauti, juu uhai. Ronald Ross alipothibitisha mwaka 1897 kwamba malaria huchukuliwa na mbu, elimu ya hospitali ilipata sababu ya jambo ambalo kisa hiki kimelihifadhi kama kanuni ya ujenzi. Kisa hakimjui mbu. Kinajua umbali, na kwa mwenye kutafuta mahali pa kulaza mtoto, umbali ndio uliohitajika.

Atatokea mwenye shaka na kusema kwamba watu walipanda juu kuwakimbia wavamizi, kisha wakakitunga kisa kuhalalisha makao yao. Inawezekana, na historia ya eneo hilo inampa nguvu. Masasi, ambako Askofu Edward Steere aliwapeleka watumwa walioachwa huru kutoka Unguja mwaka 1876, ilishambuliwa na Wangoni mwaka 1882, na misheni ikatafuta usalama Newala. Hata hivyo hoja hiyo haikivunji kisa, inakiweka safu moja na wenziwe. Verne naye alianza na mizinga ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Clarke alikuwa mtu wa rada katika jeshi la anga la Uingereza. Hakuna aliyechota utabiri hewani. Kila mmoja aliishika kazi iliyokuwa mbele yake akaisukuma hatua moja.

Palipo na kasoro ni kwingine. Mwendo wa saa moja una kwenda na una kurudi, na wa kurudi ni wa kupanda, na mtungi umejaa. Uwanda wa Makonde una udongo wa mchanga unaoimeza mvua. Maji huzama, yakaibuka chini kabisa, mabondeni na ukingoni. Anayesimama Newala penye Shimo la Mungu, akatazama chini kuelekea bonde la Ruvuma, anaiona kwa macho gharama ya amri ya Mahuta. Gharama hiyo ililipwa na wanawake na wasichana, vizazi kwa vizazi. Amri ilitoka kinywani mwa mwanamume aliyesifiwa kwa kunywa kidogo na kutooga. Ni rahisi kwa mtu wa namna hiyo kuyaweka maji mbali.

Hapa ndipo inapofaa kukileta karibu kitabu cha Bengali. Mwaka 1905, mwaka uleule wa kuzuka kwa Maji Maji, Rokeya Sakhawat Hossain alichapisha "Ndoto ya Sultana" katika jarida la wanawake la Madras. Ni hadithi ya nchi inayotawaliwa na wanawake, ilhali wanaume wamewekwa ndani. Chuo kimoja cha wanawake hao kinaunda puto kubwa lenye mabomba, likayanywa maji angani kabla hayajanyesha. Chuo cha pili kinavuna joto la jua na kulihifadhi. Wahesabuji humsifu Rokeya kwa nishati ya jua. Wanalipita puto. Lakini kwa msomaji wa Newala puto ndilo kiini: mwandishi mwanamke, aliyepewa uhuru wa kubuni lolote, alianza na maji yasiyobebwa kichwani.

Na kule uwandani maji yalikuja kupandishwa kwa mtambo kweli. Katika miaka ya 1950 iliundwa Makonde Water Corporation kuyasukuma kutoka bondeni hadi juu, na jina la Mitema, chanzo kilichoko bonde la Kitangari, likawa la kawaida midomoni mwa wakazi. Pembeni mwa nyumba nyingi kulichimbwa visima vya kuhifadhia maji ya mvua yanayotiririka kutoka mabatini, ambayo ni puto la Rokeya lililoshushwa hadi kimo cha paa. Mitambo hii haikuivunja amri ya Mahuta. Nyumba zilibaki juu, mbali na bonde. Kilichopunguzwa ni saa ile, ingawa pampu ikisimama saa hurudi yote.

Riwaya ya Kiswahili imetumia vyombo vya anga bila haya. Katika Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995, Dzombo anahukumiwa na kurushwa angani ndani ya chombo, akafikia nchi ya usawa. Mkangi, aliyewahi kutiwa kizuizini nchini Kenya katika miaka ya 1980, alijua kwamba mtambo mikononi mwa dola huwa gereza kwanza, na safari baadaye. Ni utambuzi mkubwa. Hata hivyo, chombo cha Dzombo ni daraja tu. Msomaji akishafika Walenisi hana haja nacho. Kezilahabi katika Nagona na Mzingile anatupeleka mbali zaidi, hadi kwenye magofu ya dunia, na huko mitambo haisemi kitu. Bado inangojewa riwaya ya Kiswahili ambamo pampu ni mhusika, na kuharibika kwake ni tukio.

Atakayeiandika atakutana na tatizo la chanzo. Weule alikuja na fonografu na kamera ya sinema. Silinda zake za nta zilipelekwa katika hifadhi ya sauti ya Berlin, ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999. Nta hiyo ilinasa nyimbo. Kisa cha Mahuta kimetufikia kwa wino tu, kwa Kijerumani kisha kwa Kiingereza. Na katika wino huo anazungumza mwanamume peke yake. Mwanamke aliyechongwa anasimama, anateremka mtoni, anazika watoto wawili, anapanda tena, anazaa wa tatu, na tangu mwanzo hadi mwisho hakuandikiwa hata neno moja.