Kona ya Picha: Kejeli na Kinyongo cha James Gillray

Mara ya kwanza kuitazama picha ya James Gillray ya mwaka 1789, ile ya Shakespeare kutolewa kafara, nilicheka. Mara ya pili sikucheka sana. John Boydell, mchapishaji tajiri wa picha, amesimama na joho lake la udiwani wa London akichoma kazi za Shakespeare. Ndani ya moshi wanaelea wahusika wa michoro ambayo Boydell aliwalipa wachoraji mashuhuri waichore kwa ajili ya jumba lake la maonyesho, lililofunguliwa mwaka huohuo mtaani Pall Mall. Sanamu ya mshairi mwenyewe imefunikwa na moshi huo. Pembeni kibwengo kimekalia kitabu kinene cha majina ya wateja, kimekumbatia mifuko ya fedha.

Wengi huishia hapo: tajiri hajui sanaa, anajua kuuza. Mimi naona kiini kiko kwenye kona ambayo jicho huifikia mwisho. Mtoto mwenye brashi na kibao cha rangi anamsukuma mwenzake mwenye kalamu ya chuma ya kuchongea shaba, asiingie kwenye duara. Chuo cha Kifalme cha Sanaa kiliwanyima wachongaji wa mabamba uanachama kamili, ilhali ndio waliofikisha michoro ya mabwana majumbani mwa watu. Gillray alikuwa mchongaji, tena alisoma katika shule za chuo hichohicho. Na inasimuliwa kwamba Boydell alimnyima kazi katika mradi huu.

Mwenzangu mmoja darasani alidai kuwa kejeli yenye kinyongo si uhakiki. Sikubaliani naye. Asiyewahi kufungiwa mlango asingemchora yule mtoto. Ila nakiri kinyongo hichohicho kilimziba Gillray jicho la pili. Boydell naye alianza kama mchongaji, na fedha alizomwaga hazikurudi: vita na Ufaransa vilivuruga soko lake la Ulaya, mali ya jumba ikatolewa kwa bahati nasibu, naye akafa Desemba 1804 kabla droo haijachezeshwa. Mwenye uchu wa mali gani hufilisika kwa kuwalipa wachoraji?

Tena picha hii ya kejeli nayo iliuzwa, katika duka la Hannah Humphrey, kwa wateja wenye fedha za kununulia kicheko. Duka hilo halimo pichani.