Kabla ya Kupiga Windows

Wapo mafundi wa kompyuta ambao kila tatizo wanalimaliza kwa njia moja. Mashine haiwaki, wanapiga Windows. Paswedi imesahaulika, wanapiga Windows. Skrini imegeuka bluu, wanapiga Windows. Jioni mteja anakabidhiwa kompyuta nyepesi, safi na tupu. Daftari la wadeni, mitihani ya muhula mzima, picha za arusi na za marehemu, vyote vimekwenda, na pesa ya ufundi amelipa.

Nataka kuwasifu wale wengine. Hawaonekani kwa urahisi, kwa sababu kazi yao ikifanikiwa mteja anarudi ofisini na kukuta kila kitu pale alipokiacha, kama vile hakuna lililotokea.

Ninayemfahamu vizuri ana chumba kimoja Morogoro mjini. Mezani pake kuna bisibisi, mita ya umeme, brashi ya rangi ambayo haijawahi kuona rangi, kifutio cha penseli, flashi kadhaa zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na daftari. Siku moja nilikuwa nimekaa hapo alipoingia mhasibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo, nyuma yake kijana amebeba kompyuta ya mezani. Dada yule alikuwa na haraka, maana wanachama walikuwa wanasubiri mikopo yao. Fundi alimpa kiti, akafungua daftari.

"Dada, ilizimwaje mara ya mwisho?"

"Jana jioni ilikuwa nzima kabisa, fundi. Leo asubuhi inavuma tu, skrini nyeusi."

"Umeme ulikatika?"

"Hapana."

"Mkifunga ofisi mnazima na ukutani?"

"Ndiyo, kila siku. Mwenyekiti anaogopa moto."

Aliandika jibu hilo la mwisho, nami sikuona linahusiana vipi na skrini nyeusi. Kisha akaiwasha mashine, akainamisha kichwa na kusikiliza. Feni ilizunguka. Ukatoka mlio mfupi, ukarudi, ukarudi tena.

Kompyuta inapowashwa, kabla Windows haijaanza, programu ndogo iliyo kwenye chipu ya madabodi hukagua vifaa kimoja baada ya kingine: prosesa, memori, kadi ya picha, kibodi. Ukaguzi huo ulikuwamo katika kompyuta binafsi ya kwanza ya IBM, iliyotoka Agosti 1981. Taarifa yake ilitolewa kwa mlio, kwa sababu katika hatua hiyo skrini yenyewe bado haijathibitishwa kuwa inafanya kazi. Kwa kawaida mlio mmoja mfupi ulikuwa habari njema. Milio mingine hutegemea mtengenezaji, na mashine nyingi za miaka ya karibuni hutumia vitaa badala yake. Fundi wa kweli anajua lahaja za watengenezaji hawa, na asipoijua mojawapo anaitafuta kwanza kabla ya kushika bisibisi.

Safari hii ilikuwa memori. Alichomoa waya wa umeme, akabonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki ndani iishe, akagusa chuma cha kasha kuondoa umeme wa mwilini mwake, ndipo akatoa kipande cha memori. Meno yake ya rangi ya dhahabu aliyasugua kwa kifutio, akiwa amejigeuza pembeni ili vumbi la kifutio lisidondokee kwenye madabodi. Akakirudisha mpaka vibanio vyote viwili vikalia. Skrini ikawaka. Dada akashusha pumzi.

Lakini skrini iliandika kwamba saa na tarehe hazijawekwa, bonyeza F1 kuendelea. Alipobonyeza, Windows ilianza, ikageuka bluu, ikaandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, ikajizima na kujiwasha upya. Ikarudia hivyohivyo. Maneno hayo humaanisha kwamba Windows imeanza kuamka lakini haiwezi kuifikia diski inamokaa. Ni hapa hasa ambapo fundi mwenye papara hutamka kwamba diski imekufa au Windows imeharibika.

Yeye alirudi kwenye ule ujumbe wa saa. Alifungua ukurasa wa mipangilio ya awali, akaona tarehe ya miaka mingi iliyopita, akatoa simu na kupiga picha kila ukurasa kabla ya kugusa chochote. Kisha akaibandua betri ya duara iliyo kwenye madabodi, ile inayoitwa CR2032, akaipima. Ikiwa mpya hutoa volti 3. Hii ilikuwa haifiki hata 2.

Jibu la dada kuhusu swichi ya ukutani likapata maana. Mashine iliyochomekwa ukutani, hata ikiwa imezimwa, hupokea umeme kidogo unaoendesha saa yake. Ukikatwa ukutani kila jioni, betri peke yake ndiyo inayobeba saa na mipangilio usiku kucha, mwaka baada ya mwaka, mpaka inachoka. Ilipochoka, mipangilio ilirudi ilivyotoka kiwandani, pamoja na namna madabodi inavyozungumza na diski. Windows ile ilisakinishwa wakati mpangilio huo ukiwa AHCI. Sasa ulikuwa umerudi RAID, na kwa Windows diski ikawa kama haipo. Alibadilisha betri, akaweka tarehe, akarudisha AHCI, akahifadhi. Windows ikafunguka na kila kitu ndani yake. Betri ile ni kitu cha bei ndogo kabisa.

Ujuzi wake ni mkubwa, lakini nilichokistaajabia zaidi ni mpangilio wa hatua zake. Alianza na yale ambayo hayaachi alama: kuuliza, kusikiliza, kutazama, kupima. Akaja kwenye yale yanayoweza kurudishwa: kuchomoa na kuchomeka, kubadili mpangilio ambao picha yake anayo. Yale yasiyorudishika, kama kufuta na kusakinisha upya, aliyaacha mbali kabisa. Hata amri ya chkdsk /r, ambayo wengi huiona haina madhara, haiendeshi kwenye diski inayogonga au inayosuasua mpaka kwanza amenakili kilichomo, kwa sababu huisomesha diski nzima na kuandika juu yake, na diski dhaifu inaweza kufia humo.

Tatizo la pili lilijitokeza palepale. Programu ya hesabu ilidai ruhusa ya msimamizi ili ifanye masasisho, na akaunti ya msimamizi ilikuwa ya mhasibu wa zamani aliyeacha kazi. Dada alikuwa na akaunti ya kawaida tu. "Fundi, si unaweza kuivunja?" aliuliza.

Anaweza. Enzi za Windows XP mara nyingi haikuhitaji hata kuvunja. Msimamizi wa ndani alikuwapo amefichwa, na mara nyingi hakuwa na paswedi, basi ukiingia kwa hali salama unamkuta. Kuanzia Windows Vista akaunti hiyo huja imefungwa. Lakini tangu 1997 ipo programu ya Petter Nordahl-Hagen wa Norway, ambayo unaiwasha kutoka nje ya Windows, inafungua faili la SAM lenye kumbukumbu za akaunti, na kuifuta paswedi. Inachukua dakika chache.

Fundi alimweleza dada mambo mawili, taratibu. La kwanza, paswedi ikifutwa kwa nguvu kutoka nje, faili ambazo mwenye akaunti alizificha kwa usimbaji wa Windows hazifunguki tena, na paswedi alizohifadhi kwenye kivinjari zinaweza kupotea nazo. Mwenyewe akiibadilisha kwa kuingiza ile ya zamani, hakuna kinachopotea. La pili, mashine ni ya chama, si ya dada wala ya fundi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, na idhini ya chama iko kwa viongozi wake. Alitaka barua ya mwenyekiti yenye muhuri. Nimeona wateja wakikasirika wakiambiwa hivyo. Mimi naiona ndiyo sehemu bora ya ufundi wake, maana mtu anayejua kufungua milango ya wengine lazima awe wa kwanza kuuliza mlango ni wa nani.

Kisha akauliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifikiria: "Huyo mhasibu wa zamani, namba yake mnayo?"

Walikuwa nayo. Mwenyekiti mwenyewe alimpigia, wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, na paswedi ikatajwa. Fundi alitengeneza akaunti ya pili ya msimamizi kwa jina la chama, akamwachia dada akaunti yake ya kawaida kwa kazi za kila siku, na akawaagiza waandike paswedi mpya kwenye karatasi, waitie kwenye bahasha, waifunge kwa saini mbili na kuihifadhi kwenye kasiki.

Hila za zamani zinazidi kupungua nguvu. Kompyuta nyingi mpya hufunga diski nzima kwa BitLocker au usimbaji wa aina hiyo, na mwenyewe huenda hana habari. Hapo faili la SAM halisomeki kutoka nje, na kubadili mpangilio wa awali, jambo ambalo kwa mashine ya chama ndilo lililokuwa tiba, kunaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kuwaka. Kwa hiyo fundi huyu ameongeza swali kwenye daftari lake, chini ya jina la mteja na aina ya mashine: ufunguo uko wapi? Asiyejua anakaa naye, wanafungua akaunti yake ya Microsoft kwenye simu na kuutafuta pamoja, na kasha halifunguliwi mpaka umeandikwa.